Salisilati na matatizo ya kupumua

Salisilati ni kundi la dawa za kutuliza maumivu, kushusha homa na kupunguza uvimbe, ambazo zote zina uhusiano na asidi ya salisiliki. Iliyo maarufu kuliko zote ni aspirini. Katika Afrika ya Mashariki wazee wengi bado huiita Aspro, kwa jina la biashara la aina mojawapo iliyouzwa sana madukani.

Watu walio wengi humeza dawa hizi bila pumzi zao kupata shida yoyote. Hata hivyo salisilati zinaweza kuvuruga upumuaji kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza huwapata baadhi ya watu wazima wenye pumu: kidonge kimoja cha kawaida kinatosha kuwabana kifua. Ya pili inaweza kumpata mtu yeyote, hasa mtoto, aliyepewa dawa kupita kiasi: mapafu yake ni mazima, lakini anahema kwa haraka na kwa kina kwa sababu damu na ubongo vimeathiriwa na sumu. Njia hizi mbili zinafaa kuelezwa mbalimbali, kwa kuwa kinachomwokoa mgonjwa wa kwanza si kile kinachomwokoa wa pili.

Asili ya dawa

Jina linatokana na neno la Kilatini "salix", yaani jenasi ya miti ya maeneo ya baridi ambayo magome yake yalitumika tangu zamani kutibu homa na maumivu. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza Edward Stone aliiandikia Royal Society ya London kuhusu wagonjwa wa homa aliowapa unga wa magome hayo. Mwaka 1828 Johann Buchner wa München alitenga kiini chake kichungu, akakiita salisini, na miaka 10 baadaye Mwitalia Raffaele Piria alipata kutoka humo asidi ya salisiliki. Asidi hiyo ilifanya kazi, ila iliunguza tumbo. Mwaka 1897 katika maabara ya kampuni ya Bayer, Ujerumani, ilitengenezwa asidi ya asetilisalisiliki iliyo safi. Kwa kawaida sifa hupewa Felix Hoffmann, ingawa mwenzake Arthur Eichengrün alidai baadaye kwamba kazi hiyo iliongozwa naye. Jina Aspirin lilisajiliwa mwaka 1899.

Haikuchukua muda mrefu madhara kuonekana. Tayari mwaka 1902 iliandikwa Ujerumani habari ya mgonjwa aliyedhurika ghafla baada ya kumeza aspirini. Mwaka 1922 Mfaransa Fernand Widal na wenzake walieleza mambo matatu yaliyokwenda pamoja kwa mgonjwa mmoja: pumu, vinyama puani na kudhurika na aspirini. Maelezo hayo yalisahauliwa kwa miongo kadhaa, hadi Max Samter na Roland Beers walipoyaandika upya huko Marekani mwaka 1968. Ndiyo sababu vitabu vingi huita hali hiyo "utatu wa Samter", ingawa kwa haki lingestahili jina la Widal.

Pumu ya aspirini

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa: kuta zake huvimba, misuli inayozizunguka hukaza, na ute mzito huziba nafasi iliyobaki. Wenye pumu hutofautiana katika yale yanayowachochea. Kwa mmoja ni vumbi, kwa mwingine ni moshi wa kuni, baridi ya alfajiri, mafua au kukimbia. Kwa kundi dogo kichochezi ni aspirini na dawa zinazofanana nayo.

Utafiti uliojumlisha taarifa kutoka nchi mbalimbali umekadiria kundi hilo kuwa takriban asilimia 7 ya watu wazima wenye pumu. Kati ya wale ambao pumu yao ni kali, kiwango hupanda kufikia karibu asilimia 15, na kwa wale walio na pumu pamoja na vinyama puani ni kikubwa zaidi. Watoto wadogo ni nadra kuwemo.

Ugonjwa huu hauzaliwi na mtu. Huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 20 na 50, nao huanza taratibu. Kwanza huja mafua yasiyokwisha: pua imeziba miezi na miezi, mgonjwa hasikii tena harufu ya chakula, kichwa kinauma katikati ya macho. Ndani ya pua huota vinyama laini vya rangi ya kijivu, visivyo saratani, ambavyo hata vikikatwa huota tena. Baadaye hufuata pumu, wakati mwingine kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo utotoni. Hatimaye siku moja anameza kidonge cha maumivu alichokuwa akimeza miaka yote bila shida, na kifua kinabana. Jambo hilo la mwisho ndilo linalowachanganya wengi. Mtu husema "dawa hii naijua, nimeitumia tangu ujana", na anasema kweli. Mwili wake ndio uliobadilika.

Shambulio huanza kati ya dakika 30 na saa 3 baada ya kumeza. Pua hutiririka maji au kuziba, macho huwa mekundu, uso hupata joto, kisha kifua hubana na pumzi hutoa mlio wa filimbi. Wengine huumwa tumbo au kutokwa na vipele. Shambulio linaweza kuwa dogo likapita. Linaweza pia kumuua mtu akiwa njiani kwenda zahanati. Wagonjwa wengi wa aina hii huziba pua au kubanwa kifua hata kwa pombe kidogo, na hiyo ni dalili inayofaa kuulizwa.

Kwa nini inatokea

Katika lugha ya kila siku hali hii huitwa "mzio wa aspirini" au aleji. Kwa ukali wa maneno jina hilo si sahihi. Katika mzio wa kweli mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya kitu fulani, kwa mfano karanga au sumu ya nyuki. Hapa kingamwili hazihusiki. Kinachotokea ni kemia ya kawaida ya dawa, ndani ya mwili ambao mizani yake imekwisha kuharibika.

Seli za mwili zina mafuta yaitwayo asidi ya arakidoniki. Mafuta hayo hugeuzwa na vimeng'enya kwa njia mbili. Kimeng'enya siklooksijenasi huyageuza kuwa prostaglandini, ambazo baadhi yake huleta maumivu na homa, na baadhi huwa na kazi njema, kama kulinda ukuta wa tumbo. Kimeng'enya kingine, lipoksijenasi, huyageuza kuwa lukotrieni. Hizi hukaza misuli ya njia za hewa, huvimbisha kuta na kuongeza ute.

Aspirini huzima siklooksijenasi. Jambo hilo lilithibitishwa na Mwingereza John Vane mwaka 1971, naye alipata kwa kazi hiyo Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982 pamoja na Wasweden Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Mwaka 1975 Andrzej Szczeklik na wenzake wa Kraków, Poland, waliunganisha ugunduzi huo na pumu. Prostaglandini mojawapo, inayoitwa E2, hufanya kazi ya breki juu ya utengenezaji wa lukotrieni. Mtu mwenye afya akipoteza sehemu ya breki hiyo haoni tofauti, maana gari lake limesimama tambarare. Mgonjwa wa pumu ya aspirini anatengeneza lukotrieni nyingi kila siku, hata asipomeza chochote, na breki anayo kidogo. Yeye yuko mteremkoni. Kidonge kikiondoa breki iliyobaki, lukotrieni humwagika, na seli za kinga zilizojaa puani na mapafuni huongeza kemikali nyingine za uvimbe.

Maelezo haya yanafafanua pia jambo ambalo lisingeeleweka kama ingekuwa mzio wa kawaida: mgonjwa hadhuriwi na aspirini peke yake. Anadhuriwa na kila dawa inayozima kimeng'enya kilekile kwa nguvu, hata kama kikemia si salisilati.

Dawa za kuepuka na dawa mbadala

Ibuprofeni, diklofenaki, indometasini, naproksini, piroksikamu na asidi ya mefenamiki zote ni za kuepukwa na mtu wa aina hii. Katika maduka ya dawa ya Tanzania diklofenaki inatafutwa sana kwa maumivu ya mgongo na viungo, kwa vidonge na kwa sindano, na sindano haina usalama zaidi ya kidonge. Viko pia vidonge vya mchanganyiko, ambavyo ndani yake aspirini imechanganywa na parasetamoli na kafeini na kuuzwa kwa jina la biashara lisilotaja aspirini kwa herufi kubwa. Jina la kweli la dawa liko kwenye maandishi madogo ya pakiti, kama "acetylsalicylic acid" au kifupi chake ASA. Anayeuziwa vidonge viwili vilivyokatwa kutoka kwenye karatasi yao hapati nafasi ya kusoma maandishi hayo.

Parasetamoli huzima kimeng'enya hicho kwa udhaifu tu, hivyo ndiyo dawa ya kwanza kwa maumivu na homa. Lakini gramu 1 au zaidi kwa mara moja inaweza kuwaletea baadhi ya wagonjwa hawa shambulio, kwa kawaida dogo. Kwa hiyo wengi hushauriwa kuanza na miligramu 500. Dawa za kundi jipya zaidi kama selekoksibu, ambazo huchagua aina ya pili ya siklooksijenasi, huvumiliwa na karibu wote, ingawa kipimo cha kwanza hupendekezwa kitolewe mbele ya mganga.

Kuna pia salisilati zisizo na kundi la asetili, kama vile salisilati ya sodiamu na salsalati. Hizi huzima siklooksijenasi kidogo sana, na wagonjwa wengi wa pumu ya aspirini huzivumilia. Kwa hiyo usemi kwamba "salisilati huleta pumu" ni mpana kupita ukweli. Vilevile kuna watu wanaoogopa matunda na viungo vya jikoni kwa kuwa vina salisilati za asili. Kiasi chake ni kidogo na si za asetili, na hakuna ushahidi wa kutosha wa kumnyima mgonjwa wa pumu machungwa au bizari.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Watu wenye pumu walio wengi hawadhuriki na aspirini. Aliyepewa aspirini ya miligramu 75 baada ya ugonjwa wa moyo, au mjamzito aliyepewa kipimo kidogo ili kuzuia kifafa cha mimba, asiiache kwa sababu tu aliwahi kusikia kwamba haipatani na pumu. Swali la kumuuliza ni kama amewahi kubanwa kifua au kuziba pua ghafla baada ya dawa yoyote ya maumivu, na kama ana vinyama puani.

Msimu wa salfa kusini mwa Tanzania

Katika mikoa ya Lindi na Mtwara swali hilo linakuwa gumu kila mwaka mikorosho inapotoa maua. Nanganga ni njia panda ambapo barabara ya kwenda Ruangwa na Nachingwea huachana na barabara kuu ya kwenda Masasi, na pande zote ni nchi ya mikorosho. Ugonjwa wa ubwiriunga, ambao ni ukungu mweupe unaokausha maua, hupigwa vita kwa kupuliza unga wa salfa kwa mashine ya kubebwa mgongoni. Kazi hiyo hufanywa mara kadhaa kati ya miezi ya Mei na Septemba, hasa usiku au alfajiri wakati upepo umetulia na majani yana umande. Unga huo huwasha macho na koo, na kwa mwenye pumu unaweza kuamsha shambulio.

Mpulizaji anayerudi nyumbani asubuhi, mgongo ukimuuma kwa uzito wa mashine na kichwa kikimgonga, hupita dukani kununua dawa ya maumivu. Kifua kikibana saa moja baadaye, lawama yote huangukia salfa. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini kwa mwenye pumu ya aspirini chanzo kinaweza kuwa kidonge, na kama hakijatambuliwa atakimeza tena kesho yake. Mfuatano wa saa husaidia kutenganisha: aliyebanwa akiwa bado shambani, au kila apulizapo hata asipomeza dawa, ana shida na vumbi, aliyekuwa salama hadi alipomeza dawa, na ambaye alibanwa pia siku nyingine isiyo ya kupuliza baada ya kumeza dawa ya aina hiyohiyo, amepata jibu jingine.

Majina nayo huchanganya. Salfa ya mikorosho, dawa za salfa kama ile ya malaria wanayopewa wajawazito, na salisilati ni vitu vitatu tofauti. Anayepata vipele kwa dawa za salfa hana sababu ya kuogopa aspirini, wala kinyume chake. Kwenye kadi ya hospitali inafaa jina liandikwe kamili, si "salf..." na nukta.

Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini badala ya maduka ya dawa baridi, yana wauzaji waliopata mafunzo, na kwa vijiji vingi ndiyo mlango wa kwanza wa matibabu. Kwa wakazi wa njia hiyo hospitali kubwa za karibu ni Ndanda na Nyangao, zote mbili zenye asili ya misheni ya Wabenedikto.

Sumu ya salisilati na kuhema

Njia ya pili haina uhusiano na pumu. Salisilati ikizidi katika damu huchochea moja kwa moja kituo cha ubongo kinachoongoza upumuaji. Mgonjwa huhema haraka na kwa kina. Wakati huohuo dawa huvuruga namna seli zinavyotumia chakula kupata nguvu, hivyo joto la mwili hupanda, sukari inaweza kushuka, na asidi hujikusanya katika damu. Mwili hujaribu kutoa asidi hiyo kwa kuhema zaidi. Mtu mzima hulalamika kwanza kwamba masikio yanavuma. Mtoto mdogo hawezi kusema hivyo.

Hatari kubwa imo katika kufanana kwa dalili. Mtoto mwenye homa hupewa aspirini. Homa hairudi chini kwa sababu chanzo chake hakijatibiwa. Hupewa tena na tena. Kisha dawa yenyewe inaanza kupandisha joto, na mzazi anaona sababu ya kuongeza nyingine. Mtoto huyo akifikishwa zahanati, mhudumu huhesabu pumzi zake. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huhesabiwa kuwa za haraka, na akiwa na kikohozi au shida ya kupumua huainishwa kuwa na nimonia. Kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea, kuhema kwa kina huhesabiwa kuwa dalili ya malaria kali.

Jambo hilo si la kinadharia. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu watoto waliolazwa kwa malaria kali, wakaonyesha kwamba sumu ya salisilati iliyokusanyika kwa siku kadhaa inaweza kuchangia asidi katika damu na kushuka kwa sukari kwa baadhi yao. Dalili hizo mbili ndizo pia za malaria kali yenyewe, kwa hiyo bila kumuuliza mzazi amempa mtoto nini tangu homa ilipoanza, sumu haionekani.

Kipimo cha kuanza kudhuru ni takriban miligramu 150 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wa kilo 10 ni miligramu 1500, yaani vidonge 5 vya miligramu 300. Kwa kurudia siku mbili au zaidi, kiasi kidogo kuliko hicho kinatosha. Mafuta ya kuchua yenye salisilati ya methili ni ya hatari zaidi yakinywewa: kijiko cha chai cha mafuta hayo yakiwa safi kina nguvu ya gramu 7 hivi za aspirini. Hutibiwa hospitali tu, kwa mkaa maalumu wa dawa, maji ya mshipani yenye bikaboneti ya sodiamu, sukari, na kwa waliozidiwa kusafishwa damu kwa mashine.

Kwa sababu hizo, na pia kwa sababu ya ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo, nchi nyingi ziliacha kuwapa watoto aspirini kwa homa. Uingereza ilitoa onyo kwa walio chini ya miaka 12 mwaka 1986, ikapandisha umri hadi 16 mwaka 2002.

Uchunguzi na matibabu ya pumu ya aspirini

Hakuna kipimo cha damu wala cha ngozi kinachothibitisha pumu ya aspirini. Mara nyingi historia ya mgonjwa inatosha, hasa kama mashambulio ni mawili au zaidi kwa dawa tofauti za kundi hili. Penye shaka, hospitali kubwa humpa mgonjwa aspirini kidogo kidogo huku ikipima nguvu ya mapafu. Jaribio hilo halifanyiki nyumbani kwa namna yoyote.

Shambulio likitokea, mgonjwa aketi wima na kutumia inhela ya salbutamoli: mara 4 hadi 10, na kurudia kila dakika 20 katika saa ya kwanza, huku akipelekwa kwenye matibabu. Dawa hufika mapafuni vizuri zaidi ikipitia chombo cha kati. Utafiti wa Afrika Kusini uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako na kuunganishwa vizuri na inhela, iliwafaa watoto sawa na kile cha kiwandani.

Kwa muda mrefu msingi wa tiba ni kotikosteroidi za kuvuta na za kupuliza puani, pamoja na upasuaji wa vinyama inapobidi. Montelukasti, kidonge kinachozuia kazi ya lukotrieni, huwasaidia baadhi. Iko pia tiba inayoshangaza: mgonjwa huzoeshwa aspirini hospitalini kwa vipimo vinavyopanda hatua kwa hatua, kisha huendelea kuimeza kila siku. Wengi hupata pua iliyofunguka na vinyama vinavyochelewa kurudi. Akiacha kwa siku chache, uvumilivu huo hupotea, na kidonge cha kwanza baada ya hapo humrudisha alikoanzia.